Mwalimu Aliyepima Fomula za Uzito wa Chembe

Kila mtu aliyemletea daftari, yeye alianza kwa kumwuliza swali moja: "Umeingiza namba ngapi, na zimetoka ngapi?" Aliuliza polepole, penseli ikiwa sikioni, huku amemwangalia mtu usoni. Wengi walikuwa wamejiandaa kwa maswali makubwa kuhusu ulimwengu na Mungu. Swali hilo dogo hawakuwa wamelifikiria, na hapo hapo uliona mikono ikianza kupekua kurasa.

Tulimwita Mwalimu. Mambo ya kuzaliwa kwake, ukoo wake na njia iliyomfikisha Durban sikumwuliza, kama yeye asivyoniuliza yangu. Nilijua kwamba alifundisha fizikia chuo kikuu huko Congo. Mwaka 2008, nilipofungua duka langu la simu na intaneti katikati ya mji, alikuwa tayari anaishi ghorofa ya sita ya jengo hilo hilo. Lifti ilikuwa imekufa siku nyingi. Kila asubuhi alishuka kwa miguu, shati limepigwa pasi, tai shingoni, na juu ya tai koti la kung'aa la walinda magari. Alikwenda kusimama kwenye maegesho ya supamaketi moja hadi alasiri. Kisha alirudi, akavua koti lile, akalikunja kama mtu anayekunja kitambaa cha meza, akaketi mbele ya kompyuta ya pembeni dukani kwangu.

"Maman Furaha," alikuwa akiniambia, "iko barua?"

Barua zilikuwepo karibu kila siku. Kupitia kwake nilijua kwamba duniani kuna watu wengi wanaoamini wamegundua fomula inayotoa uzito wa chembe ndogo kabisa, zile zinazounda vitu vyote. Uzito huo wataalamu wanaujua kwa kuupima. Kwa nini uko hivyo na si vinginevyo, hakuna anayejua. Pengo hilo linawavuta watu. Walimwandikia wahandisi waliostaafu, padri mmoja, dereva wa lori, daktari wa meno. Vyuo vikuu haviwajibu watu wa namna hiyo. Mwalimu aliwajibu wote, kurasa mbili mbili, kwa Kifaransa au Kiingereza. Mimi nilichapa, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vizito kwenye kompyuta. Yeye alisema "masi," mimi nilisema "uzito," na baada ya mwaka mmoja alichoka kunisahihisha.

Siku moja nilivutiwa na barua ya mtu aliyedai kupata uzito wa protoni. Protoni ni nzito kuliko elektroni mara 1836 na kidogo, na mtu yule aliipata namba hiyo kwa kuzidisha namba ya duara, pai, mara tano kwa yenyewe, kisha mara sita. Nilijaribu kwenye kikokotoo. Ilitoka 1836.118.

"Mwalimu, huyu amepata!"

Hakucheka. Akaniuliza, "Duka lako ni namba ngapi?"

"Kumi na saba."

"Na kutoka hapa mpaka mlango wangu, ngazi ni mia moja na nane. Ninazihesabu kila siku, kwa sababu ya magoti. Zidisha."

Nilizidisha. Ilitoka 1836 kamili.

"Jengo hili limetabiri protoni," akasema. "Tuwaandikie wenye nyumba tuwapongeze?" Kisha akaona nimehuzunika, akavuta kiti karibu. Akanieleza kwamba protoni imepimwa hadi tarakimu nyingi sana nyuma ya nukta, na kwamba namba ya yule mtu inaachana na kipimo kwenye tarakimu ya pili tu. "Namba ziko nyingi, Maman. Ukizichanganya kwa muda mrefu, moja itafanana na kitu unachokipenda. Kwa hiyo siulizi kama inafanana. Ninauliza ingeweza kukosea wapi."

Alikuwa na ukali, lakini aliugawa kwa namna yake. Kwa mtu aliyesoma sana alikuwa mkali bila huruma. Kwa aliyeacha shule njiani alikuwa mpole kiasi cha kunichosha. Mzee mmoja wa Kizungu, mhandisi mstaafu, aligundua kwamba mlinda magari wake anasoma fizikia akiwa amesimama juani. Akamletea karatasi zake, nadhani kwa mzaha. Baada ya wiki moja Mwalimu alimrudishia na kumwambia kuwa ukurasa wa kumi na moja una alama ya kutoa mahali panapotakiwa kujumlisha, na kuanzia hapo yote yameanguka. Mzee alikasirika, akauliza mlinda magari anajua nini. Mwezi mzima aliegesha gari upande mwingine. Kisha siku moja akaja kwa miguu, ameshika ukurasa wa kumi na moja uliosahihishwa, akamnyooshea mkono. Mwalimu alinisimulia mara moja tu, akimalizia hivi: "Alivua kofia. Sikumwambia avue."

Sasa niseme na jambo ambalo halikumpendeza mtu yeyote aliyemheshimu. Kila Jumamosi aliingia kwenye kibanda cha simu dukani kwangu na kumpigia dada yake. Kibanda kilikuwa cha mbao nyembamba na nilisikia kila kitu. "Ndiyo, dada, wanafunzi wa mwaka huu ni wazuri. Hapana, chuo kimenipa ofisi yenye dirisha. Ndiyo, naona bahari." Mtu ambaye alikataa fomula kwa kosa la tarakimu moja alikuwa akimweleza dada yake mambo ya ofisi ambayo haipo. Mwaka wa pili nilishindwa kuvumilia, nikamwuliza.

"Dada yangu ana moyo mgonjwa," akasema. "Ile si nadharia, Maman Furaha. Ile ni dawa." Sikuridhika na jibu hilo, na nadhani yeye pia hakuridhika nalo, kwa sababu tangu siku hiyo alipiga simu kwa sauti ya chini zaidi.

Kanisani alikaa benchi la mwisho, hakuimba. Penseli alichonga kwa wembe, vumbi lake akalikusanya kwenye karatasi na kulitupa nje. Mtu akisema "karibu sawa" mbele yake, alifumba macho kama aliyeumwa jino. Wali aliula kwa kijiko, hata harusini.

Katika wote waliomletea nadharia zao, mmoja alibadilisha maisha ya Mwalimu, naye ndiye ninayetaka kumsimulia kwa urefu. Jina lake Leonidas, Mrundi, mfanyakazi wa kiwanda cha plastiki huko Pinetown. Alikuwa amesoma fizikia miaka miwili Bujumbura kabla vita havijamtoa chuoni. Alikuja mwishoni mwa 2009 na madaftari sita yaliyofungwa kwa kamba, pamoja na kitabu kimoja kikuukuu, ambacho alivuka nacho mipaka minne kikiwa ndani ya shati. Kwa kutumia kitabu hicho alikuwa amejenga nadharia yake kwa miaka tisa. Alitaka Mwalimu amwandikie barua ya kumtambulisha kwa maprofesa, kisha aache kazi, azunguke chuo hadi chuo.

"Nipe wiki tatu," Mwalimu akamwambia. Alimpokea madaftari kwa mikono miwili.

Wiki ya pili mke wa Leonidas, Espérance, alikuja dukani peke yake. Sikuwa nimemwona kabla. Alikataa kukaa.

"Mama, ule Mwalimu yenu anasoma madaftari ya bwana yangu?"

Nikamwambia ndiyo.

"Kule kiwandani anaandika namba kwa makartoni. Juzi mashine ilifunga, yeye anawaza namba, mkono iko ndani. Mwenzake alimuvuta. Ilikamata glovu tu." Akanionyesha glovu hiyo, alikuwa ameibeba kwenye mfuko wa plastiki, ncha za vidole viwili zimekatika. "Watoto wanamwita, hasikii. Mumwambie Mwalimu aseme kitu. Lakini asimuvunje."

Jioni ile nilimweleza Mwalimu yote. Nikamshauri nilichoona ni hekima: amwambie Leonidas kuwa kazi yake ni nzuri sana, ila apumzike mwaka mmoja au miwili.

"Unataka nidanganye."

"Mbona kwa dada yako unaweza?"

Nilijuta papo hapo. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Dada yangu hataacha kazi kwa ajili ya uongo wangu," akasema. "Leonidas ataacha. Ataenda mlango kwa mlango na karatasi yenye sahihi yangu, na kila mlango utamfungia. Bora mlango wa kwanza uwe wangu."

Siku ya jibu nilifunga duka mapema nikawachemshia chai. Mwalimu alianza kwa kusifu, na hakuwa anabembeleza: hesabu zilikuwa safi, hapakuwa na alama iliyopotea katika madaftari sita. Kisha akauliza swali lake. Leonidas akajibu kwa fahari kwamba ameingiza namba nne, na zimetoka chembe tano, uzito wa zote.

"Nne ukiingiza, nne zinazotoka ni zako mwenyewe zinakurudia," Mwalimu akasema. "Zawadi ni moja tu. Ya tano. Ipi?"

"Tau," akasema Leonidas. Hiyo ni ndugu mnene wa elektroni, ndivyo walivyonieleza. "Nadharia inatoa 1784. Na kitabu kinasema 1784. Angalia, Mwalimu. Sawasawa!" Akafungua kitabu kile kikuukuu, ambacho kwa kuzoea kilikwenda chenyewe kwenye ukurasa ule.

Mwalimu hakukitazama. Alinigeukia, akaniomba nilete karatasi niliyokuwa nimechapa asubuhi, orodha ya vipimo vya karibuni. Akaiweka juu ya kitabu.

"Kitabu chako ni cha miaka ya themanini. Baadaye walipima vizuri zaidi. Tau ni 1777. Ile 1784 ilikuwa kosa la kipimo. Kama fomula yako ingekuwa inaijua tau, ingekwambia 1777 hata kabla ya wao kujua. Ungekuwa mtu mkubwa, Leonidas. Lakini imekwambia 1784. Inakijua kitabu. Tau haiijui."

Leonidas aliisoma ile karatasi muda mrefu. Alifuata mstari kwa kidole, akarudia, kama anayetafuta jina lake kwenye orodha. Kisha akafunga madaftari kwa kamba yake, akatuaga kwa heshima zote, akatoka. Chai hakuigusa.

Siku nne baadaye alirudi mbio, uso unang'aa. Alikuwa amebadilisha namba moja kati ya zile nne. Sasa nadharia ilitoa 1777.

Hapo ndipo nilipomwona Mwalimu akiwa na huzuni ya kweli. Alimkalisha. Akamwuliza kwa sauti ya chini, "Na wakisema kesho ni 1790?"

Leonidas akafungua mdomo. "Nita…" Hakumaliza sentensi hiyo. Aliinama, mabega yakaanza kutikisika, na Mwalimu alimwekea mkono mgongoni hadi alipotulia.

Baada ya hapo Leonidas hakwenda kazini siku kumi. Alilala akiangalia ukuta. Espérance alikuja dukani tena, na safari hii Mwalimu alikuwepo.

"Niliomba kitu moja tu," akamwambia. "Mumemuvunja bwana yangu. Zamani alikuwa na namba, sasa hana kitu. Mimi sitawasamehe, Mwalimu. Mungu anisikie."

Mwalimu alisimama kusikiliza, mikono chini, kama mwanafunzi anayegombezwa. Hakujitetea. Lakini Jumapili iliyofuata hakwenda kanisani. Alipanda taksi hadi Pinetown, akabisha, na Espérance akamwambia kupitia mlangoni kwamba hakuna mtu. Akakaa kwenye ngazi ya nje hadi alasiri, akarudi. Jumapili ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Nilimwambia aache, anajidhalilisha. Akanijibu, "Nimemwondolea kitu alichokuwa nacho miaka tisa. Siwezi kumwondolea kisha nikaondoka."

Jumapili ya nne Leonidas mwenyewe alitoka, amejifunga shuka, akakaa naye kwenye ngazi. Walichozungumza sikukijua chote. Najua kwamba mwaka 2010, baada ya Kombe la Dunia, walikuja pamoja dukani wakaniomba bahasha. Wakati huo, kule Ulaya, mashine kubwa chini ya ardhi ilikuwa imeanza kutafuta chembe ambayo magazeti yaliiita ya Mungu. Uzito wake ulikuwa haujajulikana bado. Mwalimu alitaka Leonidas akokotoe namba yake sasa, kwa wino, aifunge, asiiguse tena hadi siku ya matokeo. "Hii ndiyo heshima ninayoweza kuipa nadharia yako," akamwambia. "Kuiacha isimame peke yake."

Leonidas aliandika, akafunga. Kisha Mwalimu akaniomba bahasha ya pili, akageuka upande, akaandika kitu, akaifunga nayo. Hatukumwuliza. Nilizitia zote mbili kwenye droo yenye kufuli.

Walikaa karibu miaka miwili wakisubiri. Leonidas alirudi kiwandani. Jumapili walisoma pamoja fizikia ile aliyoachishwa na vita, kutoka pale ukurasa ulipokatika.

Matokeo yalitangazwa asubuhi moja ya baridi, mwezi wa saba 2012. Leonidas alikuwa ametoka zamu na nguo za kazi mwilini. Tulijipanga mbele ya kompyuta sote watatu, intaneti inakatika na kurudi. Nilisikia watu wakipiga makofi kwenye skrini kabla sijaona namba. Ilikuwa 125 na kidogo.

Nikafungua droo. Bahasha ya Leonidas: 118.4.

"Eish," akasema, karibu bila sauti. "Karibu."

Alipotamka neno hilo alimtazama Mwalimu, akatikisa kichwa mwenyewe. "Hapana. Niliandika mpaka ile nne baada ya nukta. Si karibu. Imeshindwa."

"Fungua na yangu," Mwalimu akaniambia.

Ndani mlikuwa na namba 143, na chini yake mistari mitatu ya hesabu kwa mwandiko wake mdogo. Hapo ndipo tulipojua. Naye alikuwa na nadharia yake. Aliianza alipokuwa msaidizi chuoni, kijana, akaibeba miaka ishirini na sita bila kumwonyesha mtu hata mmoja. Na miaka yote hiyo alikuwa akiwauliza wenzake maswali ambayo mwenyewe aliogopa kujiuliza.

"Maman, chapa barua," akasema. Akaanza kusoma taratibu, kama alivyowasomea mhandisi na daktari wa meno: mwandishi ameingiza namba mbili, zimetoka tatu, utabiri ulikuwa wazi na uliandikwa kabla ya kipimo, kipimo kimeukataa. Alipofika mahali pa jina la mwandikiwa akataja lake. Vidole vyangu vilikataa. Leonidas alinisogeza kwa upole, akakaa kwenye kiti changu, akamalizia kuichapa yeye. Kisha wakatia sahihi wote wawili, na Mwalimu akaomba ruhusa, akapanda kwake. Siku mbili hakushuka. Siku ya tatu alishuka na tai yake, akaenda kazini, akarudi, akauliza kama iko barua.

Mwaka 2015 macho yake yalikuwa yamefifia sana. Presha ya macho, walisema hospitali, na imechelewa. Aliacha maegesho. Kisha mwezi wa nne zikaja siku zile ambazo wageni tulifukuzwa mitaani. Nilifunga duka. Vijana walipita chini ya jengo wakiimba, na mtu asiyeona hawezi kushuka ngazi zile kwa kukimbia. Leonidas alikuja asubuhi na gari la kuazima kutoka kwa mwenzake wa kiwandani, Mzulu, ambaye aliliendesha mwenyewe na kuongea na kila aliyewasimamisha kwenye robot, zile taa za barabarani. Walimshusha Mwalimu wakimshika huku na huku, wakampeleka Pinetown, nyumbani kwa Leonidas.

Nilikwenda kumwona miezi kadhaa baadaye, mambo yalipotulia. Nilimkuta kwenye kiti karibu na dirisha, shati limepigwa pasi, tai haipo. Alinitambua kwa hatua. Tulizungumza habari za duka, za majirani, za dada yake aliyefariki mwezi wa sita.

Nilikuwa na swali nililolibeba siku nyingi. "Mwalimu, barua zote zile. Kuna hata moja iliyokuwa kweli?"

"Hakuna," akasema. "Hata moja."

"Na hujutii?"

"Walikuwa wanauliza swali la kweli, Maman Furaha. Kwa nini elektroni ni nyepesi hivyo? Hakuna anayejua, hata wale wakubwa. Mtu anayeuliza swali la kweli, usimwache peke yake na jibu la uongo. Hiyo tu ndiyo niliyofanya." Kisha, kama mtu anayesahihisha tarakimu, "Na wakati mwingine niliifanya vibaya."

Espérance aliingia na sahani. Tangu siku ile dukani sikuwahi kumsikia akitaja jina la Mwalimu, na tulisalimiana kwa ufupi. Aliweka sahani magotini mwa mzee, akachukua mkono wake wa kulia, akauongoza ukingoni.

"Fufu iko huku kwako," akamwambia. "Samaki iko upande wa dirisha."

"Ina miiba?"

"Nilitoa yote."

Mwalimu akakata tonge, akachovya, akachukua na kipande cha samaki. Hakukipapasa kwa vidole. Alikitia mdomoni, akatafuna, akameza, na Espérance akasimama pale pale akimwangalia hadi sahani ilipokwisha.